Kuvuka Nullarbor na karavani ya kuazima: nani yuko sahihi, mke au mume?

Swali: Sisi ni Watanzania tunaoishi Perth, Australia. Likizo ya shule ya Julai tunataka kwenda Adelaide kwa kaka wa mume wangu, kwa barabara, tukikokota karavani ambayo mume wangu ameazima kwa mfanyakazi mwenzake. Tuko sita: sisi wawili, watoto wa miaka 3, 6 na 11, na mama mkwe aliyekuja kututembelea, ambaye ana presha. Gari letu ni Prado ya dizeli ya viti saba. Mume wangu aliwahi kuendesha malori ya Dar hadi Tunduma, anasema hiyo ni safari ya siku mbili na nusu. Mimi naogopa lile jangwa la Nullarbor lililo katikati ya njia: maji, mafuta, kuharibikiwa katikati ya pori. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Dada, wewe unaogopa kitu kisichostahili hofu kubwa hivyo, na shemeji naye anajiamini kwa jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kuendesha lori ni kazi ngumu, ninaiheshimu, lakini lori lina mzigo wake mgongoni. Karavani ni nyumba nyepesi yenye ubavu mpana inayoning'inia nyuma ya gari kwa mpira mmoja wa chuma. Ni kazi nyingine, na barabara yenu itamjulisha hilo siku ya kwanza.

Nianze na jangwa, maana hapo nitakupunguzia wasiwasi. Eyre Highway, barabara inayolivuka kutoka Norseman katika jimbo la Australia Magharibi hadi Port Augusta katika jimbo la Australia Kusini, ni zaidi ya kilomita 1,600, na yote ina lami tangu 1976. Mafuta yapo. Pengo refu kuliko yote kati ya kituo na kituo ni kama kilomita 190, yaani Dar hadi Morogoro: moja ni kutoka Norseman kwenda Balladonia, jingine ni kutoka Border Village kwenda Nullarbor Roadhouse. Prado ikikokota itakula lita 16 hadi 20 kwa kilomita 100, na upepo wa mbele ukiwakamata inaweza kuzidi hapo. Hata hivyo tangi lenu linatosha kabisa mradi mjaze kila mnapokuta pampu badala ya kutafuta bei nafuu mbele. Bei katikati ya njia iko juu sana kuliko Perth, na mbele hakuna nafuu. Wekeni bajeti, lipeni, endeleeni.

Maji ni habari nyingine. Uwanda ule ni mwamba wa chokaa, karibu kilomita za mraba 200,000. Mvua kidogo inayonyesha huzama ardhini, mto huoni. Vituo vya njiani vinapata maji kwa shida na havitawajazia matangi ya karavani. Mtaoga kwa kulipia, basi. Jazeni Norseman, na maji ya kunywa muwe nayo ndani ya gari lenyewe, madumu mawili ya lita 20, kwa sababu karavani ikileta matatizo mkaiacha pembeni, matangi yake yatabaki nayo. Julai ni kipupwe huko kama kwetu, mchana ni wa baridi ya kupendeza na usiku unaweza kushuka karibu na sifuri, kwa hiyo watu sita hawatakunywa kama wangekunywa Desemba. Mmechagua mwezi mzuri. Tarehe 19 Desemba 2019 kituo cha hali ya hewa cha Nullarbor kilipima nyuzi 49.9, na mwishoni mwa mwezi huohuo moto wa msituni karibu na Norseman uliifunga barabara kwa siku nyingi, wasafiri wakakwama vituoni. Kabla ya kuondoka, na kila asubuhi mkiwa na mtandao, angalieni tovuti za barabara za majimbo yote mawili.

Sasa uzito. Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu ndipo safari nyingi za familia zinapoharibikia, na waharibikiwa wenyewe hawajui kilichowapata.

Karavani ina bamba lenye namba, mara nyingi karibu na mlango au mbele kwenye vyuma. Tafuteni mbili: uzito wake ikiwa tupu, na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa ikiwa imepakiwa, ambao huandikwa ATM (hii haitoi pesa, inazimeza). Tuseme tupu ni kilo 1,950 na mwisho ni 2,400. Mna kilo 450, na mama wa nyumba yeyote akisikia kilo 450 anaona stoo nzima. Hesabu: matangi mawili ya maji ya lita 80 ni kilo 160. Mitungi miwili ya gesi iliyojaa inakaribia 40. Zimebaki 250. Mwenye karavani ameshaongeza betri, sola, na hema la ubavuni, ambavyo havikuwemo siku bamba lilipogongwa. Labda mmebakiwa na 150 kwa vyakula, sufuria, matandiko, nguo za watu sita, baiskeli za watoto, na ile jiko ya ziada ambayo mama mkwe atataka ije.

Mtasema basi vingine viende kwenye gari. Gari nalo lina kikomo chake, na watu hukisahau. Tuseme kitabu cha gari kinaruhusu kilo 620 za mzigo, watu wakiwemo. Nyinyi sita, watoto wakiwa wadogo, ni kama 305. Viti vya watoto, 15. Halafu karavani inapokaa juu ya ule mpira inausukuma chini kwa takriban asilimia 10 ya uzito wake, yaani kilo 240, na kilo hizo zinahesabiwa kuwa mzigo wa gari. Jumla 560. Mmebaki na 60, na madumu yenu mawili ya maji yamechukua 40. Kama gari lina ngao ya chuma mbele na keria juu, hesabu imeshavunjika kabla hamjapakia begi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza shemeji afanye ni kwenda mizani. Yeye wa malori anaijua mizani vizuri, safari hii aende kwa hiari yake. Perth kuna mizani za umma za kulipia, na pia wapo mafundi wanaokuja nyumbani na mizani za kuweka chini ya matairi. Pimeni mkiwa mmepakia kila kitu, watu wote ndani, matangi yamejaa. Chukueni namba tatu: gari peke yake, karavani peke yake, na uzito unaokalia mpira. Yoyote ikizidi, punguzeni vitu. Msidanganyike kupunguza uzito wa mpira kwa kusogeza mizigo nyuma ya karavani. Mzigo wa nyuma ndio unaozaa kuyumba.

Kuyumba kwenyewe huanza kidogo. Lori kubwa limewapita, au upepo wa ubavu umepiga, au mmeteremka kilima mkiwa kasi. Mkia unakwenda kushoto, unarudi kulia, kila mara zaidi. Dereva asiyefundishwa hukanyaga breki ya gari kwa nguvu na kuzungusha usukani kinyume, na hapo ndipo karavani hulipindua gari. La kufanya: shika usukani usimame, ondoa mguu kwenye mafuta, na bonyeza kwa mkono kile kitufe cha breki za karavani kilichofungwa karibu na dashibodi, ili nyumba ivutwe nyuma na kunyooka. Kila mtakayempa usukani ajue kitufe hicho kilipo akiwa amefumba macho, ukiwemo wewe. Karavani inayozidi kilo 2,000 kisheria inatakiwa kuwa na breki kwenye magurudumu yote, pamoja na kifaa kinachoifunga breki yenyewe ikitokea imechomoka. Muulizeni mwenye nayo kama vyote viwili vinafanya kazi, kisha msimwamini, mpelekeeni fundi.

Fundi huyohuyo afungue beringi za magurudumu na kuweka grisi mpya. Na matairi: karavani ya kuazima kwa kawaida imekaa uani miaka, matairi yana kashata nzuri kabisa na yameoza kwa umri. Tazameni ubavuni mwa tairi, kuna namba nne ndani ya kiduara; 2318 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya 2018. Likifika miaka saba, mimi silipeleki Nullarbor hata kama linang'aa. Chukueni spea ya karavani mbali na spea ya gari, na jeki inayoweza kuinua karavani, kwa sababu ile ya Prado huenda isifae. Kila mnaposimama, zungukeni mkigusa kitovu cha kila gurudumu kwa tahadhari: likiwa moja lina moto kuliko wenzake, kuna beringi au breki inayokaba.

Tuje kwenye siku mbili na nusu za shemeji. Perth hadi Adelaide kwa njia hiyo ni kama kilomita 2,700. Magharibi, gari linalokokota haliruhusiwi kuzidi kilomita 100 kwa saa hata pale kibao kinaposema 110, na kwa usalama mtatembea 90. Julai jua linachomoza baada ya saa moja asubuhi na kuzama kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni. Usiku hamtembei. Kangaruu wanatoka machweo na alfajiri, wombati nao, ambao ni wazito na wako chini kama jiwe, na ngamia wa porini, uzao wa wale walioletwa karne ya 19 kubeba mizigo. Mmepita Mikumi mkaona watu wanavyopunguza mwendo. Hapa Mikumi ni njia nzima, bila matuta. Na mnyama akijitokeza, karavani ikiwa nyuma, dereva anafunga breki kwa kunyooka. Hakwepi. Kukwepa kunaweza kuwaua sita kwa ajili ya kangaruu mmoja.

Ondoeni saa ya kuamka na kufunga vitu, ondoeni vituo vya kila saa mbili, ambavyo mtoto wa miaka mitatu atavidai hata msipovipanga, mnabakiwa na saa tano za kuendesha kwa siku. Hizo ni kilomita 400, zikizidi sana 450. Ningepanga hivi. Siku ya kwanza Southern Cross, yapata kilomita 370, ili mjifunze mkiwa bado kwenye miji. Siku ya pili Norseman. Ya tatu ndiyo yenye ile barabara iliyonyooka kilomita 146.6 bila kona hata moja, kati ya Balladonia na Caiguna. Badilishaneni usukani hapo Balladonia hata kama shemeji anasema hajachoka. Watoto waone jumba dogo la makumbusho lenye habari za Skylab, chombo cha anga cha Marekani kilichoangukia maeneo hayo Julai 1979. Lala Caiguna au Cocklebiddy. Ya nne Eucla, siku fupi kwa makusudi: kuna magofu ya kituo cha telegrafu, yaani simu za maandishi za waya, cha 1877, mchanga umeshayameza nusu, na watoto wanahitaji kukimbia. Ya tano au ya sita, Ceduna.

Kati ya Eucla na Ceduna msikose Head of Bight, kwenye ardhi ya Waaborijini wa Yalata. Julai nyangumi huja pale kuzaa na kunyonyesha chini ya majabali, na mnawaona kwa macho kutoka kwenye njia za mbao. Mama mkwe atafika bila kupanda mlima wowote. Kama kuna jambo moja linalostahili safari hii yote, mimi naona ni hilo.

Ceduna hadi Adelaide bado kuna siku mbili. Kwa hiyo kwenda tu ni wiki nzima, na kurudi wiki nyingine, na likizo ya wiki mbili imeisha barabarani. Kwa kaka mtu mtakaa siku mbili mkiwa mmechoka. Hapo ndipo ningempinga shemeji kwa nguvu zaidi kuliko kwenye mambo ya breki. Mkiwa na wiki tatu, nendeni Adelaide. Mkiwa na mbili, mwambieni kaka aje na familia yake Ceduna, ambayo kwake ni kama kilomita 780 na haimlazimu kuvuka uwanda. Likizo za majimbo hayo za Julai kwa kawaida hukaribiana. Mkae pamoja siku nne baharini mle chaza, Ceduna ni mji wa chaza, halafu kila mtu arudi kwake. Kama lengo lenu hasa ni kumwona kaka nyumbani kwake, pandeni ndege, karavani irudi kwa mwenyewe.

Machache yanayowakera wageni. Kuna ukaguzi wa mazao, kwa ajili ya nzi wa matunda na magonjwa ya mimea. Mkielekea mashariki ni Ceduna. Mkirudi ni Border Village, mpakani kabisa. Matunda na mboga mbichi havipiti, na kurudi Magharibi hata asali na mbegu haviingii. Mama mkwe aambiwe mapema kwamba zile ndizi za kupika, mchicha na pilipili zipikwe na kuliwa kabla, au zikatwe na kuungwa mkiwa Eucla. Ukaguzi ni wa kweli, wanafungua friji, na faini ipo. Msibishane nao.

Saa nazo: kuanzia karibu na Caiguna hadi Border Village watu hutumia saa yao wenyewe, dakika 45 mbele ya Perth, isiyotambulika rasmi lakini jikoni mwa vituo ndiyo inayofuatwa. Mkichelewa kwa saa ya Perth mtakuta chakula kimefungwa.

Malori yenye matrela mawili yanafika mita 36.5. Likiwa nyuma yenu linataka kupita, msikimbilie changarawe pembeni na msipunguze ghafla. Shikeni njia yenu, mwendo uleule, na likishaanza kupita ondoeni mguu kidogo lirudi haraka. Fungeni redio ya UHF, kanali 40 ndiyo ya madereva wa malori. Shemeji awasalimie, atafurahi, na wao watamwambia kama kuna ngamia mbele. Nyinyi msijaribu kulipita lori kama hamwoni zaidi ya kilomita moja ya barabara tupu.

Simu zinashika karibu na vituo tu. Azimeni au kodini kifaa cha dharura cha kutuma ishara kwa setilaiti, kile chenye kitufe kimoja, na mhakikishe kimesajiliwa. Kati ya Norseman na Ceduna, kilomita kama 1,200, hakuna hospitali. Sehemu fulani za barabara zimechorwa mistari kama uwanja wa ndege kwa sababu ni uwanja wa ndege: madaktari wa Royal Flying Doctor Service, huduma iliyoanza 1928, wanatua humo. Mama mkwe aonane na daktari kabla, awe na dawa za presha za wiki mbili zaidi ya safari, zikae kwenye gari, pamoja na karatasi yenye majina ya dawa hizo kwa Kiingereza. Bima yake ya wageni isomwe kama inagharimia kusafirishwa kwa ndege.

Na jambo ambalo najua atawaomba: mgongo ukimuuma atataka akajilaze kitandani kwenye karavani mkiendelea na safari. Hapana. Ni kosa kisheria na ni hatari mno, kwa yeye na kwa mtoto yeyote. Wote sita wakae ndani ya Prado na mikanda. Wa miaka 3 kwenye kiti chenye mikanda yake, wa miaka 6 bado anahitaji kiti cha kuinulia, wa miaka 11 anaweza kwenda safu ya nyuma kabisa, mama mkwe akae mbele panapokunjuka zaidi. Gesi ifungwe kwenye mtungi kabla ya kuondoka.

Wiki mbili kabla ya safari, pakieni kila kitu kama vile mnaondoka kweli, mpande kilima cha Greenmount mpaka mji wa York, mlale huko, mrudi. Ni kama kilomita 100. Mteremko wa Greenmount mkirudi Perth utawaonyesha breki za karavani zikoje, na usiku mmoja utawaonyesha nani anakoroma na nani analala wapi. Shemeji afanye mazoezi ya kurudi nyuma kwenye uwanja mtupu, wewe ukiwa nje umesimama mahali anapokuona kwenye kioo. Vioo vya kuongezea ubavuni mnavihitaji, na mwenye karavani huenda anavyo. Muulizeni pia kama bima yake inamtambua dereva mwingine, akupeni jibu la maandishi kabla hamjagusa funguo.